Nafasi ya Dirishani

Waliokuwepo Jumamosi hiyo asubuhi walikuwa watano: mwalimu wa baleti, mpiga piano, nesi mstaafu, dereva wa lori aliyeshauriwa kuunyoosha mgongo, na fundi cherehani. Nafasi ya mwisho kwenye ufito wa mbao uliopigiliwa ukutani, wanaoushika wakifanya mazoezi, ile ya dirishani, haikuwa na mtu.

"Geukeni. Upande wa pili, kinyume," alisema mwalimu.

Wakigeuka, wa mwisho huwa wa kwanza. Sasa ilimwangukia dereva kuongoza. Alipeleka mguu mbele, akaurudisha, akaguna.

"Mwalimu, mimi lori narudisha nyuma kwa vioo. Huu mguu hauna vioo!"

"Na breki je?" aliuliza nesi. "Nusura unipige teke wiki iliyopita."

Mwalimu hakucheka. "Asipopatikana wa kuongoza kinyume, mtahamia darasa la wanaoanza, la Jumatano."

Fundi alishtuka. Jumatano ndiyo siku ya kukabidhi sare za shule. Asingeweza kuja kamwe. Kwa miaka minane dirishani alisimama dada yake, hadi alipofariki mwanzoni mwa mvua. Wakigeuka, dada alikuwa mbele, naye fundi alimfuata; dereva alikuja kusimama mbele yake baada ya msiba. Hakuwahi kujifunza kinyume. Alitazama tu visigino vya dada yake, akaviiga.

Hata utotoni ilikuwa hivyo. Walishika ukingo wa kitanda cha mama yao, soksi zikiteleza sakafuni, dada akihesabu kwa kunong'ona ili mtoto mchanga asiamke: "Mbili, moja, moja. Nifuate, mdogo wangu."

"Nijaribu mimi," alisema fundi.

Zoezi lilikuwa fupi: mbele mara mbili, ubavuni mara moja, nyuma mara moja. Piano ikaanza. Akapeleka mguu nyuma mara moja, ubavuni mara moja, mbele mara mbili.

Piano ikanyamaza.

"Unafumua, Fundi," alisema mwalimu kwa upole. "Umeanzia mshono wa mwisho."

"Si ndiyo kinyume, Mwalimu?"

"Sivyo. Hesabu haiguswi. Kilichokuwa mbele kinakwenda nyuma, basi."

Fundi alishusha mguu. Miaka thelathini amefumua nguo za watu, uzi kwa uzi, kuanzia mwisho. Lakini koti likigeuzwa ndani nje halifumuliwi: kola hubaki juu, mikono hubaki miwili, ila bitana ndiyo inayoonekana. Akaweka vidole viwili juu ya ufito, akavitembeza kama miguu midogo. Nyuma mara mbili. Ubavuni. Mbele mara moja. Mbili, moja, moja.

Hesabu ilikuwa ileile ya kitandani.

"Haya, Fundi, baki mahali pako," alisema dereva. "Nitajikaza tu."

Hakubaki. Alimpita dereva, akaenda hadi dirishani. Pale rangi ya ufito ilikuwa imechubuka kwa mkono wa dada yake, urefu wa kiganja kimoja, mbao ikabaki laini na nyeupe. Akaweka mkono wake juu yake. Ulitosha.

"Jamani," alisema bila kugeuka, "kuanzia leo mimi nasimama hapa. Nifuateni."