Choroa Aliyepewa Mgeni

Wewe umewahi kumpa mgeni kitu ambacho huna? Aguti aliwahi. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, saa nne asubuhi, naye ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akimenya mihogo. Alikuwa amemaliza saba, na wa nane ulikuwa umeng'atwa na fuko upande mmoja, akawa anaukata pale palipooza.

Nyumba yao iko upande wa Kenya, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye foleni ya malori ya Malaba. Ukisimama nyuma ya choo unasikia madereva wakigombana. Mume wake, Etyang, siku hiyo alikuwa kwa jirani yao Ikapel, ng'ambo tu ya ua wa minyaa, wanakunywa ajono. Hiyo ni pombe ya wimbi. Wazee huzunguka chungu kimoja na kila mtu ana mrija wake, mrefu kiasi kwamba unaweza kuegemea kiti nyuma kabisa na bado ukanywa.

Mgeni aliitwa Mathews. Alikuwa kijana wa mradi wa kuhifadhi wanyama wa nchi kame, amevaa viatu vizito na kofia yenye kamba ya kidevuni. Mpango wao ulianzia kaskazini kwenye mchanga ukashuka hadi huku kwenye mihogo, kwa sababu wenye mpango walisema huwezi kujua mahali mnyama alipo bila kupita pia mahali asipo. Kazi ya Mathews ilikuwa kupita mahali asipo. Alitembea mistari iliyonyooka, kilomita moja moja, akihesabu kinyesi na nyayo kushoto na kulia, na mwisho wa kila mstari akaandika "hakuna". Alikuwa ameandika "hakuna" mara arobaini na moja, na ilimkaa usoni.

Aguti alimpa kiti na maji. Mathews akatoa kadi yenye picha za wanyama.

"Mama, kati ya hawa kuna uliyemwona hapa?"

Sasa sikiliza. Kwa Wateso mgeni haondoki mikono mitupu. Unamfungia kuku miguu aende naye. Kuku hakuna, unampa mayai. Mayai hakuna, unamtilia karanga kwenye mfuko. Kuku wa Aguti walikufa kwa kideri mwezi wa kwanza, mayai yakaenda na kuku, na karanga zilizobaki zilikuwa mbegu. Mihogo ile ilikuwa michungu, ya kuloweka na kuanika, si ya kupewa mtu wa safari. Akaitazama ile kadi. Akagusa picha ya choroa, mnyama wa pembe mbili zilizonyooka kama mikuki, ambaye bibi yake alikuwa akimsimulia tangu enzi ambazo watu wao walikuwa bado hawajashuka kutoka kule kukavu.

"Andika huyu," akasema.

"Choroa? Hapa?"

"Mmoja anatosha."

"Ulimwona lini, mama?"

"Andika jana."

Mathews alipokea kwa mikono miwili, kalamu ikiwa katikati. Kisha akauliza swali la mwisho, watu waliokutwa nyumbani saa hiyo ni wangapi, akatazama huku na huku, akaandika mmoja. Akaaga. Aguti alirudi kwenye muhogo wa nane akijisikia vizuri, kama mtu aliyefanya linalopasa.

Baadaye Mathews alimweleza kilichotokea huko ofisini, na alieleza vizuri, kwa sababu hakuwa mtu wa majivuno. Kompyuta huchukua mahali mnyama alipoonekana, ikauliza: hapa mvua ni kiasi gani, joto ni kiasi gani, udongo ni wa namna gani, nyasi ni zipi? Ikishajua, inachora ramani ya mahali pengine panapofanana. Lakini kwa Aguti ilikuta choroa mmoja upande huu na mvua nyingi upande ule, na hao wawili hawakai pamoja. Ilibidi ichague. Ikachagua choroa, maana alikuwa ameandikwa na mtu aliyefika, na mvua ilikuwa makadirio tu.

Mvua za mwezi wa tatu zilianza tarehe kumi na nne. Zilinyesha kwa Ikapel, zikanyesha barabarani na kanisani, zikafika kwenye ua wa minyaa wa Aguti zikasimama. Matawi ya nje yalilowa, ya ndani yakabaki na vumbi. Ikapel alisimama ng'ambo na gunia kichwani akatazama kwa muda.

"Mvua ya mwaka huu ina madharau," akasema, akaenda kupanda maharagwe.

Mchanga ulianza kwenye unga, ukahamia kwenye viatu, mwisho ukafika kwenye vifundo vya miguu. Aguti alifukua karanga alizopanda akazikuta zimekaangika ardhini, kahawia, hata chumvi hazikuhitaji. Akazila. Wiki ya Pasaka migunga sita iliota kati ya ghala na bafu, tayari mirefu, na viota vya ndege vya mwaka uliopita juu yake. Ijumaa iliyofuata choroa alikuja. Alisimama kando ya bafu, akanusa kamba ya nguo, akalala kivulini. Kufikia mwezi wa sita walikuwa kumi na mmoja. Hawakusumbua. Hawanywi maji kama ng'ombe. Asubuhi walinyosha shingo wakalamba umande kwenye mabati ya jikoni, ikawatosha siku nzima.

Shida ilikuwa Etyang.

Ramani ilipopigwa muhuri, boma likaitwa eneo la msingi la choroa, binadamu mmoja tu ndani. Siku hiyo Etyang alikuwa ametoka kununua misumari. Aliporudi, aliingia langoni kwa mguu wa kulia kama kawaida, akajikuta barabarani, mgongo kwa nyumba, misumari mkononi. Akageuka akaingia tena. Barabarani tena. Aguti naye alijaribu kumfuata; alitoka langoni, akajikuta anaingia jikoni.

"Mama Anjeline," Etyang aliita kutoka nje, "hili lango lina nini?"

"Sijui. Zunguka upande wa choo."

Alizunguka upande wa choo. Akajikuta barabarani.

Kesho yake alimchukua Bwire, kijana wa bodaboda anayejisifu kwamba ameshavuka mpaka wa Uganda akiwa amebeba kabati la vioo, na kioo hata kimoja hakikupasuka. Bwire akasema kinachotakiwa ni spidi tu. Walianzia mbali, kupita kwa Ikapel, wakashuka kwa kasi. Pikipiki iliingia. Ilipita kati ya choroa wawili ikaanguka kwenye ghala. Bwire na Etyang walibaki nje wameketi chini kwenye tope, mmoja nyuma ya mwingine, Bwire bado amenyosha mikono kama ameshika usukani.

"Boss, hii laini ni kali kushinda kastamu," Bwire akasema. Aguti akamsukumia pikipiki hadi langoni, akaiachia ikamfikia.

Watu wa mpakani wamezoea mistari. Kuna watu hapa jiko lao liko Kenya na shamba lao Uganda, na hukuti mtu anashangaa. Ikapel alimpa Etyang nafasi kwenye stoo yake, kati ya magunia ya mahindi, akaleta na blanketi. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, na sasa Etyang alikuja kila jioni jua likiwa bado juu, akaweka kigoda chake nje ya ua. Aguti akaweka cha kwake ndani. Kati yao palikuwa na minyaa na hatua tano.

Aguti alipika ajono kwa wimbi ambalo Ikapel alimrushia. Aliweka chungu ndani, na Etyang akapitisha mrija wake kwenye minyaa. Mrija ulipita. Ramani haikuwa imesema lolote juu ya mirija. Wakanywa, kila mtu upande wake, wakazungumza juu ya bati la jikoni lililolegea, juu ya jembe, juu ya binti yao Anjeline anayefunza shule kule Port Victoria. Waliyozungumza yalikuwa ya maana. Hawakuzungumza mengine. Watu wa umri wao hawasemi mengine, hasa Ikapel akiwa karibu, na Ikapel alikuwa karibu siku zote.

"Bibi harusi wako leo amependeza," Ikapel alikuwa akimtania Etyang. "Umemletea nini?"

"Misumari," Etyang akajibu.

Mpango ulikuwa na ushoroba pia. Hiyo ni njia ya wanyama ya kutoka eneo moja kwenda jingine, wasije wakazaana ndugu kwa ndugu wakadhoofika. Ulianzia langoni pa Aguti ukakata barabara kuu, ukapita katikati ya foleni ya malori na kuelekea kaskazini. Choroa waliutumia bila shida. Walipita kwa mstari mmoja kati ya matangi ya mafuta, madereva wakavuta breki wakawasubiri, na askari wa kizuizi akawainulia mti. Aguti aliwatazama wakitoka kwenye lango lile lile linalomrudisha jikoni. Alijaribu mara moja kutoka katikati yao, ameinama, mkono juu ya mgongo wa jike mmoja mzee. Jike alikwenda Malaba. Aguti alijikuta jikoni, mkono umeshika sufuria.

Mathews alikuja kila baada ya miezi mitatu kuhesabu. Yeye aliingia, kwa sababu alikuwa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Alipoona kigoda cha Etyang nje ya ua, aliona haya kwelikweli. Akapekua kitabu cha mpango, kurasa mia mbili na kumi na sita, akapata mlango.

"Mzee, unaweza kuingia kama mtalii."

"Mtalii wa nini?"

"Wa eneo la msingi. Saa moja kwa mwezi. Unajaza hapa."

Etyang alijaza. Pale panapouliza sababu ya ziara aliandika "mifugo", akafuta, akaandika "kuangalia". Alhamisi alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaingia langoni na hakujikuta barabarani. Alikuwa ndani. Lakini mtalii anatembea kwenye njia iliyopangwa mawe. Haketi, halishi, hagusi, wala hawasogelei wakazi wa eneo kwa chini ya mita nne. Etyang alitembea kwenye mawe. Alipita mlango wa nyumba aliyoijenga, akautazama. Aguti alikuwa amesimama kando ya mgunga na leso mpya. Kila Etyang alipofikisha mita nne, mguu wake uligeuka wenyewe ukafuata mawe.

"Umekonda, mama Anjeline."

"Ni jua. Na wewe shingo imekaa vibaya."

"Ni magunia."

Walitazamana hadi saa ikaisha, kisha Etyang akajikuta barabarani, shati limejaa mchanga. Hakuomba tena ruhusa ya mwezi uliofuata. Alimwambia Ikapel kwamba afadhali minyaa, minyaa haikuonyeshi kitanda chako kupitia dirishani.

Mwaka wa pili ulipofika, mpango ulitaka wananchi watoe maoni. Kikao kilifanyika pale pale kwenye ua, saa tisa alasiri, majirani nje kwenye viti vya plastiki, Aguti ndani kwenye kigoda, choroa wawili nyuma yake wakicheua. Mathews alisimama langoni na daftari.

Jirani mmoja alisema ushoroba unakanyaga maharagwe. Ikaandikwa. Bwire alisema choroa wapewe namba za mbele na nyuma kama pikipiki. Watu wakacheka, nayo ikaandikwa.

Aguti akainua mkono.

"Mathews, mwanangu. Yule choroa sikumwona. Nilikupa tu, usiondoke hivi hivi."

Mathews alifunga daftari, akalifungua tena.

"Najua, mama. Nilijua siku ile ile."

"Basi mfute."

"Wa kwanza naweza kumfuta. Lakini hawa kumi na mmoja nimewahesabu mimi mwenyewe. Wana picha, wana kinyesi, wawili wana vifaa shingoni. Mmoja amezaa. Mwanzo ilikuwa zawadi, sasa ni ushahidi." Alisema polepole, kama daktari. "Kompyuta sasa inasema hapa ndipo mahali bora kwa choroa kusini yote. Mpaka hausogei. Naweza kuandika maoni yenu, yatasomwa baada ya miaka mitano."

Aguti alikuwa na miaka sitini na sita. Akajumlisha kimoyomoyo, akaacha.

"Mzee Etyang?" Mathews akaita. "Una maoni?"

Etyang alisimama nje ya ua, akavua kofia. Alimtazama Ikapel, akawatazama majirani, akamtazama kasisi aliyekuwa kiti cha mbele.

"Bati la jikoni limelegea," akasema. "Lipigiliwe." Akaketi.

Mathews aliandika bati. Choroa mmoja aliinuka, akajinyosha, akapita langoni akaelekea Malaba, na watu wakavuta miguu apite.

"Mama Aguti, kuna lingine? Niandike nini?"

Aguti aliinuka kwenye kigoda. Alitengeneza leso. Kasisi alikuwa anamtazama, na wakwe wa Anjeline walikuwepo, wametoka mbali. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwita mume wake kwa jina mbele ya watu.

"Andika hivi," akasema. "Namtaka Etyang. Kwa kuzungumza tumezungumza, yameisha. Nataka aingie ndani alale na mimi."