Majina Thelathini na Moja ya Ploti Yetu

"Ukienda Kawangware leo, usirudi kwa hii nyumba," anko Murunga aliniambia, na sauti ilikuwa imepanda mpaka jirani akazima redio asikie vizuri.

Nikamwambia hii nyumba si yake, ni mathe hulipa rent. Hapo ndio aliwaka kabisa. Akasema nimemaliza fom four juzi na tayari najiona wakili. Akasema ni yeye alibembeleza watu wa maji wanipee kazi ya kusoma mita, naanza Monday, na hii ndio asante yake.

"Mita ya maji gani?" nikamuuliza.

Mathe akacheka kidogo, halafu akakumbuka huyo ni ndugu yake, akarudi kukanda unga ya mandazi.

Iko hivi. Mwaka jana wakala moja ya serikali, inaitwa Maji Mitaani, hao hao wa kazi ya mita, ilijenga tangi hapa kwetu mtaani Lindi, na ingine kama hiyo Kabiro, huko Kawangware. Siku ya kufungua wakaleta lori ya maji, wakajaza tangi, watu wakapigwa picha wakinawa uso. Kufika saa nane maji ikaisha. Haijawahi rudi, juu hiyo tangi haijaunganishwa na paipu yoyote. Unaweza izunguka ujionee, mwisho ya paipu imefungwa na juala ya nailoni.

Sasa siku hiyo anko, juu yuko kwa kamati ya mradi, alitembeza fomu. Kwa kichwa iliandikwa "Waliohudhuria" tu. Chini ni jina, ID, sahihi. Kila jina ilikuwa na soda na nusu mkate. Wapangaji wengi wa ploti yetu walikuwa kazini, na hapa huwezi acha jirani akose kitu yake juu ameenda kutafuta unga. Utaitwa mchoyo mpaka uhame. Mama Jentrix, jirani yetu, akaniambia, "Wewe uko na mwandiko safi, tuandike." Nikaandika ploti mzima, watu thelathini na moja, na sahihi nikaweka mimi. Mpaka Brandon, mtoto wa jirani, nikaandika, na Brandon alikuwa na miaka mbili. ID zao sikuzijua, so nikachukua namba nane za kwanza za index number yangu, ile ya mtihani wa KCSE, nikawa nabadilisha zile mbili za mwisho tu. Jioni kila mlango ilikuwa na soda, na mimi nikaitwa kijana mzuri.

Wiki iliyopita kamati ya bunge la kaunti ikaanza kuchunguza hiyo mradi, wanakaa kwa holi ya kanisa moja Kawangware. Mercyline, tulikuwa desk moja shule, anaishi Kabiro, akaenda kusikiliza. Wakala wakatoa karatasi, wakasema hii ni ushahidi wakazi wanapata maji kila siku. Mercyline akapiga picha, akanitumia: "Walubengo, hii si mwandiko yako?"

Nikazoom. Ni mimi. Ni ile fomu ya soda, lakini juu wamebandika kichwa mpya, eti wakazi wanaopata maji. Ploti yetu yote inakunywa maji haiko.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja anaitwa Waithira, alisema mbele ya watu: kama hakuna mkaazi atakuja mwenyewe kukana hiyo orodha, wataandika kwa ripoti mradi ilikamilika na faili ifungwe. Kikao ya mwisho ni leo, saa nne.

Anko alipoona kelele haisaidii, akashusha sauti. Akaniita mjomba, vile huniita akitaka kitu. Akasema hizo kamati huja, zinapiga picha, zinakula lunch, zinaenda, na wakala inabaki palepale. Halafu akanigusa penye nilikuwa naogopa.

"Utaapishwa na Bibilia. Utasema kwa mdomo yako ulifoji watu thelathini na moja. Unajua hiyo ni jela?"

Mercyline alikuwa ameuliza karani wa kamati, na karani akasema nikuje na kitambulisho niseme ukweli. Hakuahidi kitu ingine.

"Ni ukweli niliandika," nikamwambia. "Ndio maana lazima niende. Mtu mwingine akienda watamuita mchochezi. Mimi nitawaonyesha index number yangu kwa ID ya kila mtu."

Akauliza kama na yeye nitamtaja. Nikasema nitaeleza vile ilikuwa, alileta fomu ya soda. Nikamuuliza kama alijua watabadilisha kichwa. Akaangalia mtungi ya maji yenye iko kwa kona. Hiyo ikaniuma kuliko matusi yote ya asubuhi.

Mathe akapangusa unga kwa mikono.

"Na jina yangu iko?"

"Iko. Namba tatu."

"So nimesaini nakunywa hiyo maji."

"Ndio wanasema hivyo."

Huyu ni mtu hubeba mitungi mbili kila asubuhi kutoka huko chini karibu na mto, na mgongo imeanza kumkataa. Akamwambia ndugu yake maneno na Kiluhya, maneno siwezi andika. Halafu akanigeukia.

"Uwaambie mimi sikusaini kitu. Wakibisha, wakuje hapa na hiyo karatasi, niwaonyeshe vile mimi huandika."

"Na kazi ya Monday?" anko akauliza.

"Atatafuta ingine."

Nikachukua ID, nikatia result slip yenye iko na hiyo index number kwa bahasha. Anko alikuwa amesimama kwa mlango. Yeye ni mtu mkubwa, na mlango yetu ni ndogo. Sikumsukuma.

"Anko, naomba njia."

"Mambo ikichacha usiseme sikukuambia."

"Sitasema."

Akasonga kando. Huko nje wamama wa ploti walikuwa wanajifanya wanaanika nguo, na kamba haikuwa na hata soksi. Nikatoka, nikavuta mlango ya mabati mpaka ikagonga fremu.

Nikaifunga.