Kibao cha Pampu ya Pili

Saa mbili asubuhi meneja wa kituo cha mafuta alikitundika kibao kwa mkono wake mwenyewe: KAWAIDA IMEKWISHA. Dada wa pampu ya pili alikitazama, damu ikamchemka. Imekwisha wapi? Alikuwepo alfajiri lori liliposhusha mafuta, na tangi la petroli ya kawaida lilikuwa limejaa pomoni. Lakini faida ilikuwa kwenye ile ya bei ya juu, yenye okteni nyingi kwa injini zenye nguvu, na asiyeiuza alifukuzwa. Wenzake wawili walishatimuliwa mwezi huu. Yeye alikuwa na watoto watatu na mama asiyejiweza, kwa hiyo akaufyata.

Teksi kuukuu ikaingia. Dereva wake alikuwa mzee, mteja wa kila siku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie ile ile uliyonishauri. Ya kusafisha injini."

Maneno hayo dada alifundishwa na meneja, naye akayasema kama alivyofundishwa. Sasa mzee alikuwa amefungua buti anatafuta dumu la maji. Mahali pa tairi la akiba palikuwa patupu.

"Tairi liko wapi, baba?"

"Nimeliuza. Si unajua bei ya mafuta haya? Na bado gari linakohoa kila nikipanda mlima. Labda niongeze kidogo?"

Aibu ilimshika dada, kisha hasira ikaisukuma kando.

"Baba, gari lako halihitaji mafuta haya. Utayatia mpaka uuze na milango. Nenda kwa fundi akuangalizie plagi."

"Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikudanganya, baba. Nisamehe."

"We dada!" Meneja alikuwa mlangoni mwa ofisi. "Umesemaje?"

Dada alikitungua kibao, akakibwaga chini, akachomoa bomba la kawaida. Mafuta yakatoka bila shida yoyote. Mzee aliangalia tarakimu zinavyopanda, akamgeukia meneja.

"Kumbe yapo! Wezi wakubwa nyie!"

"Vua sare," meneja akamwambia dada. "Sasa hivi."

Alijaza kwanza, akafunga kifuniko cha tangi, ndipo akavua. Mzee akawasha gari.

Kabla dada hajafika barabarani alisikia pikipiki ikiingia kituoni. Akageuka. Binti wa pampu ya kwanza, ambaye kazi alifundishwa na yeye, alikuwa ameshakiokota kibao na kukirudisha mahali pake.

"Kawaida imekwisha, kaka," binti alisema, macho chini. "Ila hii inasafisha injini."