Magunia Matatu ya Taka

Mjukuu wangu tunamwita Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza kushona haukatiki uzi. Basi alipopewa sentensi moja tu kwenye filamu ya watoto, alilala nayo wiki nzima: "Bibi, leo tena tutalala na njaa?"

Nyumba ya maskini ilikuwa chumba changu. Watu wa filamu walizunguka mtaa mzima wakakichagua. Lakini mwongozaji wa filamu, kijana mpole mwenye kofia, alipoingia akasikitika. Sakafu inang'aa, sufuria zinang'aa, kitanda kimetandikwa. Akanieleza kwa adabu kwamba watoto watakaotazama hawatajua kuwa sisi ni maskini. Nikamwuliza, kwani sisi wenyewe tulijuaje? Akaagiza taka.

Yakaja magunia matatu, na utando wa buibui ndani ya kopo. Umri wangu wote sikujua kwamba buibui ana duka. Wakamwaga gunia la kwanza, wakapaka ukuta masizi, wakatoka kunywa chai.

Sasa mimi nikiona taka, mkono unautafuta ufagio wenyewe. Waliporudi, chumbani kweupe. Wakamwaga la pili, wakatoka kurekebisha taa. Nikafagia tena, haki ya Mungu bila kukusudia. Mpiga picha akakaa chini akishika mbavu.

Mwongozaji hakucheka. Akasema gunia limebaki moja. Likiharibika na hilo, sentensi atapewa msichana mwingine. Cherehani akanishika mkono, kimya. Cherehani, kimya! Nikauweka ufagio chini, nikaukalia.

Kamera ikawashwa. Mtoto akaingia na begi lake la shule, kama alivyofundishwa. Akaona maganda ya ndizi juu ya kitanda alichokitandika mwenyewe asubuhi. Sentensi ya wiki nzima ikaruka.

"Bibi," akasema, mikono kiunoni, "nani kamwaga taka nyumbani kwetu?"

Mimi niliagizwa nilie. Nikamjibu, "Wageni, mke mwenzangu."

"Na kwao wanaishi hivi hivi?"

Mwongozaji akavua kofia, akaficha uso, mabega yakitikisika. Alipopata pumzi akaniomba ufagio. Nikainuka, nikampa. Alifagia kama mtu anayefukuza kuku, Cherehani nyuma yake akimwonyesha kona moja baada ya nyingine, na kamera inakwenda tu.

Hicho ndicho kipande kilichobaki kwenye filamu. Sentensi moja imekuwa kumi na tatu, na Cherehani analalamika kwamba wamemkata mbili.