Jina Lisilokatwa la Tannersike

Tegueni hiki, wapenzi: nyumba haina ukuta wala paa, na wamo watu elfu mbili, ikabomolewa mchana kweupe, asisikie mtu kishindo wala asihamishe mtu hata kijiko. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni kata.

Kata yenyewe ni Tannersike, huko Yorkshire, iliyofutwa miaka arobaini iliyopita. Nellie Sugden alikuwa akiiandikia historia yake, maana aligombea udiwani katika uchaguzi wa mwisho wa kata hiyo. Kura zililingana, mia nne na kumi na moja kila upande. Msimamizi akatia majina mawili ndani ya kofia, akachomoa moja. Si la Nellie. Aliyechomolewa akaafiki kata ikatwe vipande viwili, vikagawiwa kata jirani, nyumba ya kufulia nguo ya mtaa ikafungwa, na Nellie akaishi akiilaumu kofia.

Asubuhi moja alifungua boksi la makaratasi ya chama chake. Akakuta orodha ya wapiga kura, ile ya mama wa chama aliyeketi mlangoni pa kituo, akikata kwa kalamu jina la kila aliyeingia. Nellie akashuka na kidole, mtaa kwa mtaa, hadi nyumbani kwake. Jina lake limekatwa. La chini yake, Clifford Sugden, halikuguswa.

Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Jina bado safi.

"Clifford!"

Mumewe akatoka jikoni, mdomo umejaa keki ya tangawizi.

"Siku ya uchaguzi ulikuwa wapi?"

"Uchaguzi upi, mama? Tumepiga mingi."

"Usinichezee, mzee wewe! Wangu!"

Clifford akameza. "Chai yako imepoa. Nikupashie?"

"Kura moja, Clifford! Nilikosa kura moja, na mwenyewe nalala naye kitanda kimoja! Uliona haya mkeo kuwa diwani?"

"Ala! Mimi?"

"Basi ulikuwa wapi?"

Clifford akapangusa makombo kifuani, moja moja.

"Hata Wilf jirani alikwenda," Nellie akasema, "naye alikuwa wa chama cha wapinzani wetu. Huyu hapa, kakatwa!"

Keki ikamponyoka Clifford. "Wilf Barraclough? Alipiga kura?"

"Soma mwenyewe."

Akasoma. Akarudia, midomo ikicheza. Huyo Wilf, mwaka juzi tu Clifford alibeba jeneza lake, akalia kuliko mjane wake. Uso ukamgeuka rangi ya unga, akatafuta kiti kwa mkono.

"Tulipeana mikono uani," alisema. "Kura yake ingekwenda kwao, yangu kwako, zingeuana tu. Tukakubaliana asiende yeyote. Akaniambia anapita kwa dada yake mara moja, nimwangalizie ndege." Akamtazama mkewe kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. "Nilikuwa bandani kwake, Nellie. Nalisha njiwa wake."