Usukani Uliogoma Mteremkoni

Harieth hakumwamini mtu yeyote anayefungua boneti ya gari lake. Kusema kweli, hakumwamini hata muuza maziwa, ambaye kila asubuhi alisimamishwa mlangoni maziwa yake yakichovywa kidole kuangaliwa kama yametiwa maji. Alifika Bariadi akitokea Moshi, mfamasia wa serikali, kisha akaacha ajira na kufungua duka la dawa, na watu wakazoea kumwita dokta. Duka lilistawi, naye aliamini kwamba limestawi kwa sababu ya macho yake. Katika miaka yote aliyokaa hapo hakujifunza Kisukuma zaidi ya salamu, na hilo lilimuuma kila mara watu wawili walipocheka mbele yake.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwenye gereji ya Mayige, mkoba ameubana mapajani. Mbele yake lilisimama gari lake, Rav4 ya kijivu, bampa limekunjamana. Wiki iliyopita dereva wake, Mhoja, alimpeleka Bibi Wilhelmina, mama yake Harieth aliyekuja kutembea, hadi Kiloleli kumsalimia mpwa wake. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko mrefu kabla ya daraja, gari lilishindwa kukata kona, likaacha barabara na kuvamia kichuguu. Mhoja hakupata hata mchubuko. Bibi Wilhelmina alivunjika mkono.

"Stelingi iligoma," Mhoja alisema siku ile, na tangu hapo hakuongeza neno.

Mwezi mmoja kabla, Mayige ndiye aliyebadilisha mpira wa presha, ule unaopeleka mafuta ya stelingi kutoka kwenye pampu. Kwa hiyo kwa Harieth mambo yalikuwa mawili tu. Ama Mayige alifunga mpira chakavu na kumwambia ni mpya, ama Mhoja alisinzia na sasa anausingizia usukani. Ukikutwa mpira ni mbovu, Mayige atakwenda kujieleza polisi. Gari likikutwa zima, Mhoja atarudi kwao Nkololo jioni hiyo hiyo na kazi hana. Dereva mwingine, Mabula, alikwisha kupigiwa simu akae tayari.

Na kama ana bahati mbaya, Harieth aliwaza, hawa wamekula njama wote wawili.

Dalili zilikuwepo. Wote walikuwa watu wa Nkololo. Mhoja alipofika gerejini walisalimiana kirafiki, "Mwangaluka, nkoi," wakaendelea na Kisukuma chao, na Mayige akacheka.

"Semeni Kiswahili!" Harieth alifoka. "Mnapanga nini?"

"Dokta, namuuliza kama ng'ombe wa baba yake amezaa."

"Ng'ombe ana stelingi?"

Mayige alimeza kicheko chake, akafungua boneti. Harieth akainuka na kusimama begani kwake, karibu kiasi cha kumzuia kukunja kiwiko. Fundi alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya stelingi. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye alama, mekundu, hayana povu wala harufu ya kuungua. Harieth alinusa mwenyewe. Mkanda unaozungusha pampu ulikuwa umekaza vizuri. Mpira wa presha ulikuwa mkavu, lakini Harieth hakuridhika. Alitoa karatasi laini kwenye mkoba, akaufuta mpira mwanzo hadi mwisho, akaitazama karatasi juani. Haikuwa na tone, ila vumbi tu.

Mayige akapiga jeki, akalala chini kutazama kama kuna kilichopinda au kinachovuja. Akashusha gari, akawasha, akakata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Pampu haikulia. Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja.

"Haina ugonjwa," Mayige alisema, akifuta mikono kwa kitambaa.

Mtu aliyetoka kuponea polisi angetabasamu. Mayige hakutabasamu. Alimgeukia Mhoja, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aseme ukweli, dokta."

Mhoja aliangalia viatu vyake. "Iligoma," alisema. "Sidanganyi, mayu. Iligoma kweli." Mayu ni mama; hilo Harieth alilijua.

Hapo Harieth angeweza kukata maneno na kumwita Mabula. Lakini mashaka hayana mlango mmoja. Je, kama Mayige alilitengeneza gari kabla yeye hajafika? Lilikuwa limelala hapo gerejini tangu ajali. Akaona dawa ni moja tu.

"Twende kwenye mteremko ule ule," alisema. "Mhoja aendeshe kama alivyoendesha siku ile. Fundi, ingia nyuma."

Kabla hawajaondoka, alitoa kidumu cha petroli alichokuja nacho na kumimina kidogo kwenye tangi kwa mkono wake. Huo ulikuwa utaratibu wake tangu alipojiridhisha kwamba Mhoja anauza mafuta. Hakuwahi kumkamata, aliona tu kwamba madereva wote huuza, sasa huyu ana nini cha kumzuia? Akaanza kumpimia mafuta ya safari, ya kwenda na kurudi, basi. Mhoja alilalamika mara moja kwamba hayatoshi. Lakini alikwenda na akarudi, na Harieth akaona ushahidi: kumbe yale ya zamani yalikuwa yanaibwa! Akapunguza. Mhoja akarudi tena. Akapunguza tena, na moyoni akajisifu kweli kweli.

Walipanda mlima, wakageuza gari juu likaelekea mjini. Mhoja akalisimamisha. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Kama siku ile," Harieth alisema.

"Mayu, haifai."

"Kama siku ile!"

Gari likaanza kushuka. Lilipopata mwendo, Mhoja alivuta gia hadi nyutro, akashika ufunguo, akazima injini.

Kukawa kimya. Harieth alisikia upepo madirishani na kokoto chini ya magurudumu. Kona ilikuwa inakuja. Mhoja aliukamata usukani kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikamsimama, na usukani ukasogea kidogo tu, kama unaovutwa na mtu upande wa pili.

"Washa!" Mayige alipiga kelele. "Washa, bwana!"

Mhoja aliwasha. Usukani ukalainika, gari likaizunguka kona na kusimama karibu na daraja. Hakuna aliyefungua mlango.

"Pampu inazungushwa na injini," Mayige alisema mwishowe. "Ukizima, msaada wote umekwisha. Hata breki inakuwa ngumu. Mhoja, uliwezaje kufanya hivi ukiwa na bibi wa watu?"

Mhoja alikuwa akitazama mbele. "Mafuta," alisema. "Bibi aliomba tuchepuke Lamadi hadi ziwani anunue samaki, na mimi sikuweza kumkatalia bibi. Nikaona hatufiki. Ningekwama njiani, dokta angesema nimeuza. Kila mteremko nazima. Ni siku nyingi, mayu. Ndiyo maana nilikuwa narudi."

Harieth alifungua mdomo amkemee kwa kumhatarisha mama yake, na alikuwa na haki ya kumkemea. Lakini lililomjia ni kile kidumu, na yeye akimimina huku akijisifu. Aliona aibu, aibu nzito iliyompanda hadi masikioni. Mkono wa mama yake ulikuwa kwenye plasta, na miongoni mwa waliouvunja alikuwemo yeye.

Walipokaribia mji gari likakohoa, likakohoa tena, likazima. Safari hii hakuna aliyegusa ufunguo. Kituo cha mafuta kilikuwa kinaonekana mbele.

Wanaume walishuka kusukuma, Harieth akashika usukani. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alipotaka kuingia kituoni ilimbidi ainuke kwenye kiti, avute kwa mabega, na mikono ikamuuma hadi kwenye viwiko. Kwenye kioo cha ndani aliuona uso wa Mhoja, umeinama, unasukuma.

Muuza mafuta alikuja. "Tuweke ya shilingi ngapi, mama?"

Harieth alishuka, akampa Mhoja ufunguo.

"Muulize dereva," alisema. "Yeye ndiye anayejua yanayotosha."

Mhoja alimtazama Harieth, akautazama mkoba wake, kisha akageuka kumtazama Mayige, kama mtu anayetafuta mtego umetegwa upande gani.