Kilomita Arobaini za Shukrani

Nianze na kosa langu, kwa sababu nimechoka kulizunguka. Matokeo ya pepa ya mwisho ya CPA, mitihani ya uhasibu, yalipotoka nilikuwa jikoni, nyumbani Sosiot, na mama yangu Janeffer alikuwa anachuja maziwa. Nilikuwa nimepata arobaini na saba. Kupita ni hamsini. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Imesema aje?" mama akauliza.

"Niko sawa, mama."

Sikupanga kudanganya. Nilitaka tu dakika kumi za kulia peke yangu, halafu nimwambie. Lakini mama aliweka kichujio chini, akafumba macho, akaanza kuomba. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, karani wa kiwanda cha chai, nikaitikia amina.

Jumapili alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Akasema binti yake amemaliza masomo ya uhasibu, na kwa hiyo mwaka huu atajiunga na akina mama wa kanisa kwenye matembezi yao ya Julai, kutoka Chepseon mpaka Sosiot, kilomita arobaini, kumshukuru Mungu. Watu walipiga makofi. Goti lake la kushoto kila mtu pale alilijua. Hata kwenda kituo cha kupimia majani chai hupumzika mara mbili.

Mtadhani hapo ndipo niliposema ukweli. Nilichofanya ni kujiandikisha kimyakimya kurudia pepa mwezi wa Agosti, na kumfanyisha mama mazoezi. Kila Jumamosi tulitembea, kwanza kilomita tano, kisha nane, kisha kumi na tano, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma nikikariri moyoni hesabu za gharama ya mtaji. Kila tuliyekutana naye aliambiwa.

"Huyu ni Chelangat wangu. Ni CPA sasa."

Nilijichukia, na chuki hiyo ikatoka kama ukali. Nilimkaripia mama kwa sababu ya viatu, kwa sababu ya fimbo, kwa kwenda polepole. Alidhani ni uchovu wa kazi.

Siku yenyewe tuliondoka Chepseon saa kumi na mbili asubuhi, akina mama ishirini na mmoja wakiimba, na pikapu ya kanisa ikitufuata kubeba watakaoshindwa. Tulipokaribia mji mdogo wa Brooke goti la mama lilikuwa limefura. Wenzake wawili walikuwa wameshapanda. Jerusa, kiongozi wa akina mama, akaja kumsihi naye apande.

"Shukrani haipandi gari," mama akamwambia.

Jerusa alicheka, akaenda mbele kuwafuata waimbaji. Tukabaki nyuma sisi wawili, chai pande zote mbili za barabara, na nikamwona mama akiuma mdomo kila alipokanyaga. Nikashindwa.

"Mama, mimi sikupita. Nilianguka kwa maksi tatu."

Alisimama. Sikuongeza visingizio, ingawa nilikuwa navyo tele.

"Kwa hivyo nimetembea bure."

"Ndio maana nakuambia. Tafadhali panda pikapu. Hakuna kitu ya kushukuru."

Aliangalia barabara, kisha akaanza kutembea tena.

"Mama."

"Mimi nilisimama mbele ya Mungu na watu nikasema kitu haiko. Sasa naenda kuomba msamaha. Hiyo pia haipandi gari."

"Lakini ni mimi nilidanganya."

"Wewe ulidanganya mimi. Mwenye alidanganya kanisa ni mimi."

Nilikuwa nimedhani ukweli utampunguzia mzigo. Kumbe nilimwongezea. Nilimpa bega langu aegemee, akalikataa. Tulipopita mji wa Kericho akalishika, na sikujidanganya kwamba amenisamehe. Goti ndilo lililokuwa limemshinda.

Tulifika Sosiot saa kumi na moja jioni, wa mwisho kabisa. Wenzetu walikuwa wameketi kanisani na chai tayari imepikwa. Jerusa akampa mama maikrofoni atoe shukrani yake.

"Nilisema hapa msichana yangu amepita," mama akasema. "Haikuwa kweli. Nilisema uongo kanisani. Naomba mnisamehe."

Hakunitaja kwa ubaya hata kidogo. Alirudisha maikrofoni, akaanza kushuka jukwaani taratibu huku ameshika ukuta.

Nilitamani ardhi inimeze. Malengelenge yalikuwa yamepasuka ndani ya viatu, lakini nilienda mbele.

"Uongo ni wangu," nikasema. "Nilipata arobaini na saba. Mama aliniamini tu."

Jerusa alinimiminia kikombe cha chai, akanipa, nikaenda nacho kwenye benchi alipokuwa mama. Alikuwa amevua kiatu kimoja na anajisugua goti. Nilimpa chai. Aliipokea, akanywa nusu, akanirudishia iliyobaki.

"Unarudia lini?"

"Agosti."

"Basi usome. Ng'ombe nitakamua mwenyewe."

Machozi yakanitoka, na sikuyaficha. Mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Lakini ukipita, utasimama useme mwenyewe," akasema. "Mimi habari yako siwezi peleka kanisani tena."